Ndege wa Msituni Hawaui Vifaranga Wetu: Ufafanuzi Kuhusu Vimelea vya Koksidia

Mvua zinapoanza kukolea katika vijiji vya Nyamahanga na maeneo mengine ya wilaya za Ngara na Biharamulo, familia nyingi huanza kuhesabu vifaranga kila jioni kwa wasiwasi. Kifaranga wa wiki tatu au nne, ambaye jana alikuwa akimfuata mama yake uani, leo amejikunyata pembeni, mabawa yamelegea, manyoya yametimka, na kinyesi chake kina damu. Siku ya pili yake amekufa, na wenzake wanamfuata. Hasara hii si ndogo. Kuku ndiye akiba ya karibu kabisa ya mwananchi wa kijijini: mmoja huuzwa mtoto anapohitaji daftari na sare, mwingine hugharimia nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitalini, na mwingine hubebwa hadi kanisani siku ya shukrani ya mavuno. Vifaranga 12 wakifa ndani ya wiki moja, mipango ya nusu mwaka ya mama mjane imevunjika.

Katika majonzi ya namna hiyo, lawama hutafuta mahali pa kutua, na ni rahisi zitue juu ya ndege wa porini. Kanga na kwale wanaotoka vichakani alfajiri, njiwa wanaookota mtama uliomwagika, shomoro wanaoingia bandani bila hodi: hao ndio wanaoonekana kuwa wageni wenye maradhi. Kutoka hapo si mbali kufikia wazo kwamba msitu wenyewe ndio chanzo cha ugonjwa, na kwamba kichaka kikifyekwa na ndege wakiwindwa, mabanda yatapona. Tunapenda kulifafanua jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu hukumu hiyo si ya kweli, na gharama yake hulipwa mara mbili: ndege na msitu huangamia, na vifaranga huendelea kufa kama kawaida.

Ugonjwa tunaouzungumzia huitwa na wataalamu wa mifugo koksidiosisi. Wafugaji wengi wanaufahamu zaidi kwa jina la kuhara damu. Unasababishwa na koksidia, yaani vimelea vyenye seli moja tu, ambavyo huishi na kuzaliana ndani ya seli za utumbo. Ni ndugu wa ukoo mmoja na vimelea vya malaria, ingawa koksidia hizi za kuku na ndege hazihitaji mbu wa kuzibeba. Zenyewe hutoka katika kinyesi na kuingia kwa mdomo. Udogo wake ni wa ajabu. Ukipanga kwa mstari vifuko vyake kama 45, ndipo utakapopata urefu wa milimita moja. Mwanasayansi Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, mmoja wa watu wa kwanza kuutazama ulimwengu wa viumbe wadogo kwa lenzi, aliviona vifuko vya namna hiyo katika nyongo ya sungura mwaka 1674, pasipo kujua ni kitu gani. Ilipita miaka 200 kabla Mfaransa Aimé Schneider hajalipa kundi mojawapo jina la Eimeria, mwaka 1875.

Ili kuelewa ni nani anayemwambukiza nani, hatuna budi kufuata safari ya kimelea hiki tangu mwanzo hadi mwisho. Kinatoka kwa ndege mgonjwa kikiwa ndani ya kifuko chenye ganda gumu, kiitwacho kitaalamu oosisti. Kifuko hicho kikiwa kibichi hakiwezi kumdhuru yeyote. Ni lazima kwanza kikomae nje, ardhini, na ili kikomae kinahitaji vitu vitatu: hewa, joto la wastani na unyevu. Vikipatikana vyote vitatu, siku moja au mbili zinatosha. Ndani ya kifuko kilichokomaa hujitokeza vijidudu vinane vyembamba, tayari kwa kazi. Hapa ndipo lilipo jibu la swali kwa nini ugonjwa huu hupamba moto wakati wa mvua: sakafu ya banda iliyolowa, maranda yaliyoshikana kwa maji yaliyomwagika kutoka kwenye chombo, na joto la vifaranga waliobanana usiku kucha, hivyo vyote ni kama kitalu kilichoandaliwa kwa makusudi.

Kifaranga anapodonoa chakula kilichochanganyika na kinyesi, hukimeza kifuko. Firigisi husaga ganda, nyongo na maji ya tumbo huvifungulia vijidudu mlango, navyo hupenya kwenye seli za ukuta wa utumbo. Ndani ya seli kijidudu kimoja hujigawa kuwa vingi, seli hupasuka, vile vingi huvamia seli nyingine, na mgawanyiko hurudiwa. Baada ya vizazi viwili au vitatu vya namna hiyo hutokea vya kiume na vya kike, vinaungana, vifuko vipya vinaundwa na kutoka na kinyesi. Kifuko kimoja kilichomezwa huweza kuzaa maelfu kwa maelfu. Kwa Eimeria tenella, ambayo ni mojawapo ya aina katili zaidi kwa kuku, damu huonekana siku ya nne au ya tano baada ya kuambukizwa, na vifuko vipya huanza kutoka karibu siku ya sita au ya saba. Mfuatano huu wa siku una maana kubwa kwa mfugaji. Anapoona damu, uharibifu wa utumbo umekwisha kutokea, lakini mvua ya vifuko vitakavyowaambukiza wengine ndiyo kwanza inakaribia kunyesha. Anayesafisha banda siku ile ile ya damu ya kwanza ameiwahi. Anayengoja hadi juma lijalo amechelewa.

Tugeuke sasa upande wa msitu. Je, ndege wa porini wanazo koksidia? Wanazo, tena kwa wingi. Popote ambapo watafiti wamechunguza kinyesi cha ndege wa msituni wamezikuta. Mfano mashuhuri ni Hifadhi ya Taifa ya Itatiaia nchini Brazili, iliyoanzishwa mwaka 1937 ikiwa ya kwanza nchini humo, ambako aina kadhaa za koksidia zisizojulikana hapo kabla zimeelezwa kutoka kwa ndege wadogo wa msitu. Utafiti wa namna hii hufanyika kwa upole: ndege hunaswa kwa wavu mwembamba, huwekwa katika kisanduku kilichotandikwa karatasi, akishatoa kinyesi huachiliwa arudi zake. Kinyesi huhifadhiwa katika kimiminika kinachozuia bakteria ili vifuko vikomae, kisha huchanganywa na maji mazito ya sukari. Vifuko, kwa kuwa ni vyepesi, huelea juu, na hapo huchukuliwa na kutazamwa kwa hadubini. Jambo la kukumbukwa ni kwamba ndege wengi wanaokutwa na vimelea hivyo ni wazima, wanaruka, wanaimba na kulea makinda.

Misitu yetu haifanani sana na ile ya Brazili. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutokana na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na yenye eneo la kilometa za mraba 4,707, ni mchanganyiko wa miombo, migunga, vinamasi vya mafunjo na misitu iliyofuata mito na mabonde. Msitu wa Kagera unaokaribiana zaidi na misitu mikubwa ya mvua ni ule wa Minziro, wilayani Missenyi, wenye ndege ambao hawaonekani kwingineko nchini Tanzania. Lakini kwa habari ya koksidia, kanuni ya maisha ni moja, iwe Itatiaia au Burigi.

Kanuni yenyewe ni hii: kila koksidia ina mwenyeji wake. Vimelea hivi ni vichaguzi mno. Eimeria za kuku humwambukiza kuku. Kanga, ingawa anafanana na kuku kiasi cha kufugwa naye uani, ana zake, zikiwemo Eimeria numidae na Eimeria grenieri. Bata mzinga ana zake. Sungura ana zake, mbuzi ana zake, na ng'ombe vilevile. Ndiyo maana mfugaji ambaye mbuzi wake wanaharisha kwa koksidia hana sababu ya kuwahofia kuku wake. Mtafiti Mmarekani Ernest Tyzzer aliuweka wazi utengano huu kwa ndege wa jamii ya kuku katika kazi yake kubwa aliyoichapisha mwaka 1929, na wengi waliomfuata wameuthibitisha. Kuku akimeza vifuko vya mnyama au ndege asiye wa jamii yake, ama vitapita na kutoka kama vilivyoingia, ama vijidudu vitafunguka na hata kupenya seli chache, lakini havitaweza kukamilisha uzazi wao. Ni mgeni aliyefika kwenye nyumba asiyo na ufunguo wake.

Ndege wadogo waimbao, yaani shomoro, chiriku, kwenzi, chozi, mbayuwayu na wenzao, wako mbali zaidi. Koksidia zao nyingi hata si za kundi la Eimeria. Ni za kundi jingine liitwalo Isospora. Tofauti huonekana kwa hadubini: kifuko cha Eimeria kilichokomaa kina vyumba vinne, kila kimoja kikiwa na vijidudu viwili, cha Isospora kina vyumba viwili, kila kimoja na vijidudu vinne. Jumla ni nane kotekote, lakini mpangilio unautambulisha ukoo. Na hata miongoni mwa Isospora, zile za shomoro hubaki katika jamii ya shomoro, na za kwenzi katika jamii ya kwenzi. Kwa hiyo shomoro, ambaye Injili ya Mathayo inamtaja kuwa kiumbe wa bei ndogo sana sokoni lakini asiyesahauliwa na Mungu, hana hatia katika kesi hii ya kuhara damu. Anaweza kuwa na hatia ya kula pumba, hilo hatulikatai.

Kama si wao, basi koksidia za kuku zilitoka wapi? Zilikuja na kuku. Kuku si ndege wa asili ya Afrika; babu zake ni ndege wa misitu ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, waliofugwa huko na kisha kusambazwa na watu duniani kote. Popote alipokwenda kuku, Eimeria zake zilikwenda naye, na leo aina zile zile saba zilizozoeleka katika vitabu vya mifugo hupatikana Ulaya, Amerika na kwetu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika mashamba madogo ya kuku wa biashara nchini Ghana, Tanzania na Zambia, nao ulikuta aina mbalimbali za Eimeria katika mashamba hayo. Hazikuhitaji msitu ili zistawi. Zilihitaji kuku wengi mahali pamoja. Kwa maneno mengine, kifaranga wa Nyamahanga anayekufa kwa kuhara damu ameambukizwa na kuku mwenzake, na mara nyingi sana ni kuku mkubwa wa banda lile lile, mzima wa afya, aliyekwisha kupata kinga lakini bado anatoa vifuko kidogo kidogo.

Tunalazimika hapa kuweka tahadhari, ili maneno yetu yasichukuliwe kupita kiasi. Tunachosema kinahusu koksidia. Yapo maradhi mengine ambayo hayana uchaguzi wa namna hii. Kideri, ambacho baadhi yetu hukiita mdondo, husababishwa na kirusi, na kirusi hicho huweza kuwapata njiwa na ndege wengine na kupita pande zote mbili, kutoka kwa kuku kwenda kwao na kutoka kwao kuja kwa kuku. Homa ya mafua ya ndege nayo ni hivyo. Kwa hiyo bado ni busara kulishia kuku ndani au mahali pasipofikiwa kirahisi na ndege wa nje. Lakini dawa ya kideri ni chanjo, na Tanzania inayo chanjo ya matone ya machoni iitwayo I-2, inayostahimili joto la vijijini kuliko chanjo za zamani. Wala si upanga wa kufyekea kichaka.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Ikiwa ndege wa msituni wanabeba koksidia kwa wingi hivyo, kwa nini hatukuti mizoga yao imelala chini ya miti kama vifaranga wetu walivyolala bandani? Jibu ni nafasi. Ndege wa porini hatui siku zote kwenye tawi moja wala hali chini ya kinyesi chake. Akidondosha vifuko, vingi huangukia mahali ambapo hakuna ndege wa jamii yake atakayevidonoa. Jua hukausha vingine. Anachomeza ni kiasi kidogo, leo kimoja, kesho kutwa viwili, na kiasi hicho kidogo hufanya kazi kama chanjo: mwili hujifunza kumtambua adui bila kuzidiwa naye. Kinda hupata maambukizi mepesi, hupona, na huishi na vimelea vichache maisha yake yote.

Vimelea vyenyewe vimejipanga kwa mazingira hayo kwa namna inayostaajabisha. Imeonekana kwa muda mrefu kwamba ndege wadogo wenye Isospora hawatoi vifuko saa zote kwa kiasi kilekile; vingi hutoka alasiri kuelekea machweo. Mwaka 2009 watafiti nchini Ufaransa, waliochunguza koksidia za ndege mweusi aimbaye wa bustani za Ulaya, walionyesha kwamba desturi hiyo hukinga vifuko dhidi ya ukavu na miale mikali ya jua. Kifuko kinachoangushwa jioni kina usiku mzima wa ubaridi na umande wa kuanza kukomaa. Ndiyo sababu mtafiti anayekusanya kinyesi asubuhi peke yake anaweza kudhani ndege ni safi, kumbe hakungoja saa yake.

Haina maana kwamba ndege hawagharimiki. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba ndege dume wa aina fulani ya chiriku mwenye kifua chekundu, akiambukizwa koksidia wakati wa kubadili manyoya, huota manyoya yenye wekundu hafifu. Wekundu na umanjano wa namna hiyo hutokana na rangi zilizomo katika chakula, zile zile zinazolipa karoti na papai sura yake, na utumbo uliojeruhiwa hauzifyonzi vizuri. Jike huchagua dume mwenye rangi kali. Hivyo kimelea kisichoonekana kwa macho kina sauti katika kuamua nani atazaa mwakani, na pasipo kuua huacha kundi likiwa na wenye nguvu zaidi. Huo ndio uwiano uliopo msituni, nao umejengeka kwa muda mrefu usiohesabika kwa vizazi vya wanadamu.

Uwiano huo huvunjika pale nafasi inapoondolewa. Ushahidi ulio wazi hutoka vizimbani. Mwaka 2014 zilielezwa aina mbili mpya za Isospora kutoka kwa kwenzi warembo wenye mgongo wa buluu na tumbo la rangi ya kutu, ndege wa kawaida kabisa wa Tanzania na nchi jirani, lakini hawa walikuwa wakifugwa. Ndani ya vizimba, vimelea havikubaki utumboni. Vilienea katika viungo vya ndani na kuwa maradhi ya kuua. Ilikuwa hivyo pia katika kituo cha Patuxent, Maryland, nchini Marekani, kilichokuwa kikizalisha korongo mweupe wa Amerika ya Kaskazini, ambaye mwaka 1941 alibakia idadi ya 20 na ushee tu duniani. Walipokuwa wakimlea kwa uangalifu mkubwa ili asitoweke, koksidia za korongo ziliwashambulia baadhi yao ini, mapafu na moyo. Waliomfuga walimpenda, hakuna shaka. Upendo haukutosha mahali pa nafasi.

Mfano wa korongo unatugusa kwa karibu, kwa kuwa Kagera ni mojawapo ya makao ya korongo taji, yule mwenye kilemba cha dhahabu kichwani, anayelisha kwenye majaruba na kingo za vinamasi. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Vinamasi hugeuzwa mashamba, mayai na makinda huchukuliwa, wengine hukamatwa wakafugwe kama pambo. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini mtoto wa kijijini anayeletewa kinda la korongo au chiriku katika tenga bado hajaelezwa kwamba ndani ya tenga hilo ndege atakula juu ya kinyesi chake kila siku, na kwamba kile alichoishi nacho salama msituni sasa kitamuua.

Nafasi hupotea pia msitu unaposinyaa. Wazee wetu hawajasahau siku za mwishoni mwa Aprili 1994, ambapo watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, wakikimbia mauaji ya kimbari nchini Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Kuwapokea lilikuwa ni jambo la utu na la imani, na hakuna anayelijutia. Hata hivyo kuni za kupikia watu wote hao zilitoka katika misitu ya Ngara na jirani zake, na milima iliyobaki uchi ilionekana kwa miaka mingi. Baada ya hapo yamekuja mashamba, mkaa na makundi makubwa ya ng'ombe. Ndege wanaosongamana katika kipande cha msitu kilichobaki wanakaribia, hatua kwa hatua, hali ya ndege wa kizimbani: matunda ni yale yale machache, kidimbwi cha maji ni kimoja, na kinyesi ni cha wengi. Kufyeka kichaka kwa kuogopa maradhi ya ndege ndiyo njia ya kuyazidisha.

Katika waraka wake wa Laudato si', uliotolewa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko aligusia katika aya ya 34 kwamba mifumo ya maisha hutegemea hata viumbe ambavyo hatuvitazami, kama uyoga, minyoo, wadudu na viumbe vidogo visivyohesabika. Wengi wetu tunaposikia habari za kutunza uumbaji hufikiria twiga na miti mikubwa. Kimelea si kiumbe cha kupendeza, wala hatumwombi mwamini akifurahie anapozika vifaranga wake. Lakini msitu wenye ndege wazima wenye koksidia chache ni msitu ambao bado unafanya kazi yake.

Banda la kuku nalo laweza kuigiza kitu kimoja kutoka msituni, nacho ni kumpunguzia ndege nafasi ya kukutana na kinyesi. Hili halihitaji fedha nyingi. Vifaranga wasichanganywe na kuku wakubwa wengine katika banda moja. Chombo cha chakula na cha maji viinuliwe hadi usawa wa mgongo wa kifaranga, ili asiingie na miguu. Maranda au pumba za mpunga zilizolowa ziondolewe siku hiyo hiyo, na takataka zipelekwe mbali, wala zisirundikwe mlangoni. Sakafu ianikwe jua. Maji yanayochemka yakimwagwa juu yake huua vifuko, jambo ambalo dawa nyingi za klorini za kusafishia nyumba haziwezi, maana ganda la kifuko huzistahimili. Majivu husaidia kukausha tu.

Kuhusu tiba, dawa inayojulikana zaidi madukani ni amproliamu, inayochanganywa katika maji ya kunywa. Hufanya kazi kwa kuvinyima vimelea vitamini B1, na kwa sababu hiyo si vyema kuwapa vifaranga maji ya vitamini hiyo katika siku zile zile za dozi. Dawa za jamii ya salfa nazo hutumika, ila kwa hizi ni lazima kusoma kwenye kibandiko ni siku ngapi zipite kabla ya kula nyama au mayai. Tetrasaiklini, ambayo tumeizoea mno hata kufungua vidonge vya binadamu na kuvimimina katika maji ya kuku, haiui koksidia. Shubiri hatuikatazi, isichukue tu nafasi ya ufagio.

Kabla ya kununua dawa yoyote, ni vema kifaranga aliyekufa apelekwe kwa afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, asubuhi ikiwezekana, akiwa amefungwa katika mfuko na kuwekwa kivulini. Afisa atampasua na kutazama vile vifuko viwili vya utumbo vilivyo karibu na mwisho, mahali Eimeria tenella inapopenda kukaa. Vikiwa vimevimba na kujaa damu nyeusi iliyoganda, ni kuhara damu, na dozi ianze jioni ile ile kwa kundi zima, pamoja na wale wanaoonekana wazima. Vikiwa safi, na badala yake kuna madoa ya damu katika tezi za tumbo lililo mbele ya firigisi, yaelekea ni kideri. Hapo amproliamu haitasaidia chochote, na majirani waambiwe mapema wawachanje kuku wao ambao hawajaugua.